Zamu za Maji Lumeta

Ludovika Ngonyani aliuchagua Lumeta kwa sababu ulikuwa mto mdogo. Msimamizi wake kule chuoni Morogoro, Dokta Nassoro, alikuwa amemwambia kwamba mwanafunzi wa uzamili asijitwishe mto asioweza kuuvuka kwa miguu, na Lumeta, kiangazi kikikaza, mtoto aliuvuka bila kulowesha magoti. Ulitoka kwenye chemchemi za mlimani ukapita bondeni nyuma ya Maposeni, na kote ulikopita watu walikuwa wamelima bustani: kabichi, nyanya, maharage, na mahindi ya kuuzwa mabichi wakati mashamba ya mvua yamebaki mabua matupu. Ludovika alikulia Songea mjini, Ruhuwiko, lakini mama yake, Suzana, alizaliwa jirani na bonde hilo, na shule zilipofungwa alimpeleka huko kwa bibi. Alipoomba nafasi ya kusomea usimamizi endelevu wa maji ya kilimo na kuulizwa ni kwa nini, bonde alilokuwa akiliona kichwani ni hilo.

Shida ya Lumeta haikuhitaji mtafiti kuigundua. Katikati ya bonde palikuwa na banio, ukuta mfupi wa mawe na saruji uliokatiza mto, na pembeni yake lango la mbao lililoingiza maji kwenye mfereji wa wakulima wa juu. Wakulima wa chini walipata kilichobaki. Hadi Julai kilichobaki kiliwatosha. Ikifika Septemba walikuwa wanachota kwa ndoo kwenye vidimbwi, na kila mwaka palikuwa na ugomvi, mfereji uliotobolewa, mtu aliyetukanwa mbele ya watoto wake. Ludovika alitaka kupima maji ya mto kiangazi kizima, halafu ajaribu zamu: lango lifungwe Alhamisi asubuhi, lifunguliwe Jumamosi jioni, ili siku hizo maji yote yateremke chini.

Alipangishiwa chumba kwa Leonce Haule, mwenyekiti wa kamati ya maji. Leonce alikuwa katekista wa kigango na mkulima wa juu, mtu mrefu, mpole, aliyesema kidogo na ambaye watu walizoea kumngoja amalize. Mke wake, Kunegunda, alimpokea Ludovika kama ndugu aliyechelewa kurudi. Alimpa kitanda cha binti yake aliyeolewa Mbesa na kumwekea chakula hata siku alizorudi bondeni giza limeingia. Mtoto wao wa mwisho, Jeremia, alikuwa amemaliza kidato cha nne miaka michache nyuma, akazunguka mjini akibeba zege kwenye majumba ya watu, kisha akarudi nyumbani. Yeye ndiye aliyemsaidia Ludovika kusimika bati la chuma la kupimia, chini kidogo ya banio, katikati ya nguzo mbili fupi za zege. Alizimwaga nguzo hizo vizuri, pembe zake zikatoka zimenyooka, na alipenda kupita kuzitazama.

Kwenye mkutano wa kwanza wakulima wa juu waliuliza wao watafaidika na nini. Ludovika aliwaeleza kwamba maji wanayomwagia matuta yao ni mengi kuliko mimea inavyohitaji, kwamba mengine yanapotelea ardhini, na kwamba wakitandaza nyasi juu ya matuta na kumwagilia jioni watavuna vilevile kwa siku nne za maji badala ya saba. Alikuwa na michoro. Walitazama michoro, kisha wakamtazama Leonce.

“Hesabu zake mimi nimezisoma, na zote sijazielewa,” alisema Leonce. “Lakini wale wa chini tunasali nao. Tujaribu kiangazi kimoja.”

Wakakubali kwa sababu ni yeye aliyesema. Ludovika alilijua hilo tangu siku ile.

Alhamisi ya kwanza ya zamu, mwezi wa nane, maji yalifika chini kabla ya saa sita mchana. Anjelika Komba, ambaye bustani yake ilikuwa ya mwisho kabisa kuelekea darajani, alivua kandambili akasimama ndani ya mfereji wake akicheka peke yake. Mume wake alikuwa Tunduru kwenye kazi za msimu, na watoto wanne walikula kutokana na matuta yale. Alisema hajawahi kuyaona maji mwezi huo tangu aolewe. Ludovika alimpiga picha, akamtumia Dokta Nassoro, naye akajibu kwamba hiyo picha itakaa kwenye jalada la tasnifu.

Wiki zilizofuata zilikuwa za furaha, na pengine hapo ndipo pabaya pa mambo haya palipoanzia. Anjelika alifungua matuta mapya. Jirani zake nao wakafungua. Watu wa chini waliokuwa wameacha kulima kiangazi walirudi na majembe, wakafyeka magugu hadi kwenye kingo za mto. Juu nako hakuna aliyelalamika. Nyasi zilitunza unyevu kama alivyosema. Leonce alimgawia Jeremia kipande cha bustani yake mwenyewe, kipande chake cha kwanza maishani, na Jeremia akakipanda nyanya. Aliinuka alfajiri kuziangalia. Kunegunda alikuwa akisema, kwa sauti ya chini asije akasikika akijisifu, kwamba kijana ametulia.

Mwisho wa Septemba kipimo kwenye bati kilianza kushuka kwa namna ambayo Ludovika hakuitegemea. Mwanzo alidhani ni majani yamekwama. Akasafisha. Kesho yake kikashuka tena. Alipanda mlimani hadi kwenye chemchemi akitafuta mtu aliyechepusha maji, au miti iliyokatwa, au pampu ya mtu, na hakukuta chochote. Chemchemi zilikuwa zimepungua tu. Aliporudi chumbani akarudia hesabu zake tangu mwanzo, ndipo akaona alipokosea. Vipimo alivyoegemea vilikuwa vya mwaka uliopita, alipokuja kwa matembezi mafupi ya matayarisho, na mwaka ule mvua zilikuwa zimenyesha hadi watu wakachoka nazo. Masika ya mwaka huu yalikatika mapema. Mto aliowapangia watu zamu ulikuwa wa mwaka jana. Wa mwaka huu usingefika katikati ya Oktoba ukiwa na maji ya kuwatosha wote, na sasa matuta yalikuwa mengi kuliko yalivyowahi kuwa.

Alimpigia simu Dokta Nassoro. Dokta hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza hadi mwisho, akauliza maswali ya maana. Kisha akamwambia kwamba hayo ni matokeo, tena matokeo mazuri, na asiguse kitu. Akibadilisha zamu katikati atabaki na nusu mbili za utafiti ambazo hazisemi lolote, na ufadhili wake unakwisha Desemba. Aache mambo yaende, apime, aandike. Uzamili ni msimu mmoja, alisema. Kama anataka kuujua mto kwa miaka kumi, hiyo ni kazi ya maisha.

Ludovika hakuridhika. Asubuhi iliyofuata alimkuta Leonce kwenye banio akiondoa takataka langoni, akamweleza kila kitu, bila michoro safari hii. Leonce aliegemea reki yake akasikiliza.

“Umemwambia nani mwingine?” aliuliza.

“Hakuna, mzee. Nimeanza na wewe.”

“Basi acha ibaki hapa kwanza.” Alitazama chini bondeni, kwenye matuta mapya. “Nikiwaambia wa juu kwamba hayatoshi, Alhamisi hawafungi. Nikiwaambia wa chini, wamekwisha panda. Utawaambia wang’oe?”

“Wakijua mapema wanaweza kuchagua matuta ya kuokoa, mengine wakayaacha.”

“Watachagua kupigana.” Alivuta takataka nyingine langoni kwa reki. “Mimi nitafunga tundu langu la mfereji. Bustani yangu isichukue maji kabisa, hadi mvua. Itasaidia?”

Ludovika alimwambia ukweli, kwamba itasaidia kidogo sana. Leonce akasema kidogo si sawa na hakuna, na mvua zingine huwahi. Ludovika angeweza kuendelea kumpinga. Alikuwa na takwimu zote kichwani, na alijua kwamba maji ya bustani moja yangeongeza siku chache tu. Lakini mwenyekiti alikuwa ameamua, msimamizi alikuwa ameamua, na maamuzi yao yote mawili yaliacha utafiti wake uendelee kama ulivyopangwa. Alirudi kwenye bati lake, akasoma kipimo, akaandika.

Leonce alifunga tundu la bustani yake siku hiyohiyo kwa udongo na magunia. Nyumbani alisema tu kwamba maji yamepungua na mwenyekiti lazima awe wa kwanza kujinyima. Kunegunda alikubali, alikuwa amezoea kuishi na mtu wa aina hiyo. Jeremia hakukubali. Nyanya zake zilikuwa zimetoa maua. Alibeba ndoo kutoka mtoni asubuhi na jioni, na jua la Oktoba likazinywa ndoo zile kabla hajarudi na nyingine. Kilichomuuma zaidi ni kwamba jirani zao wa juu waliendelea kumwagilia siku zao nne, na wa chini walipata siku zao tatu, na katika bonde zima bustani iliyokuwa inanyauka ni ya kwao.

Usiku mmoja wakila, Leonce akiwa bado kanisani, Jeremia alimuuliza Ludovika yale maji yatarudi lini.

“Dada, wewe ndiye unayeyapima. Niambie tu, nijue.”

Kunegunda naye alinyanyua macho. Ludovika alijibu kwamba mambo ya zamu anayesema ni mwenyekiti, yeye ni mtafiti tu. Jeremia akanawa mikono, akatoka bila kumaliza ugali wake.

Wiki ya pili ya Oktoba wa chini walianza kupokea maji ambayo hayakufika hata nusu ya mifereji yao. Walidhani wa juu wanaiba. Wa juu, walipoona maji yao ya siku nne nayo yamekuwa membamba, walidhani lango linafungwa kabla ya saa yake. Leonce alikwenda huku na huko akiwatuliza, akisema wavumilie, na kwa kuwa hakuwaambia kwa nini, wavumilivu wenyewe wakaanza kumshuku. Mtu mmoja alisema mbele ya watu kwamba katekista amepewa kitu na watu wa chuo. Jeremia alikuwepo, akasikia.

Ijumaa ya wiki hiyo Ludovika alishuka mtoni mapema kama kawaida yake. Leonce alikuwa amemtangulia. Alikuwa amesimama juu ya ukuta wa banio, karibu na lango lililofungwa, kwa sababu jana yake mtu alijaribu kulifungua. Walisalimiana. Ludovika aliingia majini na mabuti yake, akainama kwenye bati.

Alisikia kwanza hatua, halafu sauti ya Jeremia. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa na jembe, na alimwambia baba yake apishe afungue lango, achukue maji ya kumwagilia nyanya zake tu, kisha afunge. Leonce akamwambia leo ni siku ya wa chini.

“Wa chini, wa juu,” alisema Jeremia. “Sisi ni wa wapi, baba?”

“Subiri mvua.”

“Mvua ya lini? Zimekufa. Nenda kaone. Zimekufa zote zimebaki mistari miwili.”

Leonce alisema jambo ambalo Ludovika hakulisikia kwa sababu ya maji. Jeremia alilitupa jembe kando, akapanda ukutani, akalishika lango. Baba yake akamshika mkono. Hapo Ludovika alikuwa ameinua kichwa, naye aliona yote. Jeremia alijinasua, akamgeukia baba yake, akamsukuma kifuani kwa mikono miwili. Hakumsukuma kwa nguvu za kuua. Ulikuwa msukumo wa mtu anayetaka kupishwa. Lakini ukuta ulikuwa na utelezi, na Leonce aliangukia nyuma, upande wa chini, na kisogo chake kikapiga pembe ya nguzo ya zege iliyoshika bati.

Jeremia aliruka majini kabla Ludovika hajapiga hatua. Alimwinua baba yake, akamlaza magotini, akawa anamwita, si kwa jina wala kwa baba, bali kwa neno la Kingoni alilomwita akiwa mtoto. Ludovika alikimbia kutafuta watu. Walipata gari dogo la mizigo la mtu aliyekuja kununua kabichi, wakampakia juu ya magunia kuelekea hospitali ya Peramiho. Leonce hakufika. Alikata roho njiani, mkono wake ukiwa mikononi mwa mtoto wake.

Polisi walimhoji Ludovika mchana wa siku ileile, nguo zake zikiwa bado na matope. Aliulizwa ameona nini, akasema alichoona. Alimsukuma kifuani kwa mikono miwili. Askari aliandika, akamsomea, akamuuliza kama ndivyo ilivyokuwa, naye akasema ndivyo. Akatia sahihi. Ilikuwa ni kama kusoma kipimo. Hakufikiri sentensi ile ingekwenda wapi baada ya kutoka mdomoni mwake.

Kwenye mazishi watu wa juu na watu wa chini walikaa pande mbili za uwanja. Anjelika alikuja na mchele kichwani, na hakuna mwanamke wa juu aliyesogea kumpisha mkekani, hadi Kunegunda mwenyewe alipoinua mkono akamwita. Ludovika alikaa nyuma. Alikuwa ameishi na wanawake wale miezi mitatu na zaidi, anawajua kwa majina ya watoto wao, na siku ile hakuna aliyemsemesha isipokuwa kumpa sahani. Baada ya matanga mtu alilivunja lango kwa shoka. Wa juu walichukua maji yote. Matuta mapya ya chini yalikauka katika wiki mbili, ya Anjelika yakiwa ya kwanza, na mvua ilipokuja hatimaye, mwisho wa Novemba, ilikuja kubwa, ikayasomba hadi mitaro yake.

Ludovika alirudi Ruhuwiko kwa mama yake. Huko ndiko Kunegunda alikomfuata, mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimekolea. Alikuwa amevaa kaniki nyeusi ya msiba na amekonda. Suzana alimkaribisha ndani, akampa pole tena, akawaacha.

Kunegunda alieleza alichojia bila kuzunguka. Jeremia yuko mahabusu. Kesi imeandikwa kuua bila kukusudia, na dhamana ipo, lakini hakuna ndugu wa Leonce anayekubali kumdhamini. Wanasema akitoka wao wenyewe watammaliza. Shahidi aliyeona ni mmoja.

“Ulikuwa umeinama,” alisema Kunegunda. “Unasoma kile chuma chako. Mimi nakujua, ukisoma huwa huinui kichwa. Huenda ulisikia tu kishindo.”

“Nimeshaandikisha polisi, mama.”

“Mahakamani watakuuliza upya. Utasema ulichanganyikiwa. Mtu aliteleza. Si palikuwa na utelezi?”

“Palikuwa na utelezi.”

“Basi.”

Nje mvua ilikuwa ikipiga bati la paa hivi kwamba walilazimika kukaa karibu. Kunegunda alikuwa anafungua na kufunga pindo la khanga yake. Kisha aliuliza swali ambalo pengine ndilo lililomsafirisha.

“Baba Jeremia alijua kwamba maji hayatatosha?”

“Alijua.”

“Nani alimwambia?”

“Mimi.”

“Lini?”

“Mwisho wa Septemba.”

Kunegunda alihesabu moyoni; Ludovika aliiona hesabu ile ikipita usoni mwake, hadi kwenye usiku ule wa chakula.

“Mtoto alikuuliza mezani kwangu,” alisema. “Nilikuwepo. Alikuuliza kwa adabu.”

“Ndiyo, mama.”

“Ungemwambia, angeukasirikia mto.”

Hakusema zaidi. Alikataa chai, akakataa kusindikizwa, akatoka mvuani. Suzana aliporudi sebuleni alimkuta binti yake amekaa vilevile, na alipomuuliza mgeni amesemaje, Ludovika alisema amekuja kuomba jambo, na kwamba atampa.

Aliamua kusema uongo. Alijiandaa kwa uongo ule kama alivyojiandaa kwa mitihani: nilikuwa nimeinama, nilisikia kishindo, nilipoinua kichwa mzee alikuwa majini. Aliusema akiwa peke yake hadi ukatoka bila kutetemeka. Siku ya kesi alivaa gauni la kanisani, akakaa kwenye benchi nje ya mahakama pale Songea mjini, Kunegunda akiwa benchi la pili. Walisalimiana. Ludovika alimwambia kwa sauti ndogo, “Nilikuwa nimeinama, mama.” Kunegunda aliitikia kwa kichwa bila kumtazama.

Hakuitwa. Jeremia aliposomewa shtaka na kuulizwa kama ni kweli, alisema ni kweli. Wakili aliyepewa na serikali aliomba muda wa kuzungumza naye, akazungumza naye, na aliporudi Jeremia akasema tena kwamba ni kweli, alimsukuma baba yake, na asingependa mtu mwingine asimamishwe kueleza kwa sababu yeye mwenyewe anakumbuka. Kwa kuwa amekiri, mashahidi waliambiwa waende. Baada ya wiki alihukumiwa kifungo cha miaka mitano. Kunegunda aliisikia hukumu akiwa amesimama, akakunja khanga yake, akaondoka kuwahi gari la Maposeni. Hakulia mbele ya watu.

Kule Morogoro, Dokta Nassoro alimshauri Ludovika aandike kwamba upimaji ulisitishwa Oktoba kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wa mtafiti. Ludovika alikataa. Aliandika sura nzima: vipimo vilivyodanganya, siku alipogundua, nani aliambiwa na nani hakuambiwa, na kifo. Waliomtahini walikuwa watatu, na waliisoma sura hiyo kwa heshima. Mmoja alimuuliza kama angepewa nafasi ya kurudia angebadilisha nini. Ludovika alisema angeitisha mkutano mwisho wa Septemba, angewaambia wote siku moja, na kama utafiti ungekufa ungekufa. Yule mtahini akasema kwamba anamwelewa, ila jibu lile halihusu mbinu za utafiti. Alifaulu, kwa sharti la kuifupisha sura ile. Aliifupisha ikabaki kurasa mbili, na kila sentensi aliyoitoa aliijua inamhusu nani. Suzana alisafiri hadi Morogoro kwa mahafali na kupiga makofi. Ludovika alivaa joho, akapigwa picha, na kwenye picha zote anaonekana kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali.

Alipata kazi ya muda kwenye mradi mmoja wa visima, upande wa Namtumbo, na Jumapili moja akiwa amerudi nyumbani alikwenda gerezani. Alikuwa amesikia kwa watu kwamba Jeremia hajatembelewa. Ndugu wa baba walimkataa, na Kunegunda alipoulizwa alisema mwili wake haumpeleki. Akifika njia panda ya kwenda huko miguu inakataa, anarudi. Ludovika alinunua sabuni na mkate, akapanga foleni na wake za wafungwa, akataja jina.

Jeremia aliletwa akiwa amenyolewa. Alishangaa kumwona, kisha akaonekana kama mtu aliyekuwa amemtegemea. Akamsalimia, akamuuliza kama alimaliza masomo. Ludovika alisema amemaliza. Jeremia akasema hongera, na hakuisema kwa kejeli. Ludovika alikuwa amekuja na maneno yake, na aliyatoa haraka, askari akiwa karibu: kwamba tangu Septemba alikuwa anajua, kwamba baba yake alijua, na kwamba usiku ule alipoulizwa alikuwa na jibu na akalifungia.

Jeremia alitazama mikono yake.

“Mama aliniandikia,” alisema. “Hilo tu ndilo aliloniandikia.”

Ludovika alidhani Jeremia ataondoka, lakini alibaki ameegemea wavu.

“Mvua huko imekuwaje?”

“Imenyesha vizuri mwaka huu.”

“Mama amepanda?”

Ludovika alikuwa amepita Maposeni wiki ile. Alikuwa ameiona bustani ya Leonce imefunikwa na magugu yanayomfika mtu kiunoni, na shamba la mahindi nyuma ya nyumba halijaguswa jembe, na moshi mmoja mwembamba jikoni. Angeweza kusema amepanda. Alikuwa ameshajifunza namna ya kusema jambo kama hilo bila kutetemeka.

“Hajapanda,” alisema.

Jeremia aliitikia kwa kichwa. Askari akasema muda umekwisha, naye akachukua sabuni na mkate wake, akashukuru, akarudi ndani.